Kikombe cha Babu: wasiopona aliwahesabu nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya Jumapili. Ameandika kuhusu imani za uponyaji, na alipofika kwenye kikombe cha Loliondo akamaliza kazi kwa neno moja: ujinga. Kwamba watu hawakusoma, ndiyo maana walikwenda; wakisoma hawatakwenda tena. Mimi nilikuwa huko. Sikufuata dawa, nilikwenda kuuza chai, ingawa kikombe nacho nilikunywa kwa kuwa kilikuwa jirani na bei yake haikuzidi chapati zangu mbili. Nina jambo la kumwambia, na jambo lenyewe linawahusu na ninyi wa gazeti.

Wasomaji waliokuwa watoto wakati ule inabidi waelezwe kidogo. Samunge ni kijiji cha Wasonjo katika Wilaya ya Ngorongoro, ingawa nchi nzima ilizoea kusema Loliondo tu. Alikuwapo huko mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye wote tulimwita Babu, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliyesema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kuchemsha na kuwapa watu. Mti wenyewe ni mugariga, ule wenye miiba na vitunda vyeusi ambavyo watoto wachungaji huvila porini. Kikombe kimoja, mara moja tu, Sh500. Kisukari, pumu, saratani, Ukimwi, vyote humo. Na sharti moja: lazima kitoke mkononi mwake. Ukiitia kwenye chupa ukaenda nayo Arusha, umebeba maji ya mizizi. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, helikopta zinatua, na mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwanza mpaka waliopo wapungue. Wapo waliokata roho foleni, ndani ya magari, kabla hawajakiona kikombe.

Mimi ni mama lishe wa Mto wa Mbu. Magari yalipoanza kupita mbele ya kibanda changu usiku na mchana, nilipakia sufuria, jiko na turubai kwenye lori nikayafuata: Engaruka, Ngaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, vumbi mpaka kwenye kope, halafu ule mlima wa kupandia Sale ambao madereva wa magari madogo ya abiria, zile Noah, walikuwa wanashusha abiria watembee. Nilikaa huko hadi biashara ilipopoa. Kuna waliosema sisi wafanyabiashara tuliwanyonya wagonjwa kwa bei ya maji. Maji niliyauza kwa bei ya kununulia, nauli na faida kidogo. Anayebisha akayabebe yeye. Tuendelee.

Turubai langu lilikuwa kando ya foleni, kwa hiyo watu walishinda kwangu siku mbili, tatu, wakingoja gari lao lisogee. Mtu ukimpikia siku tatu unamjua. Nilimpikia mhadhiri wa chuo aliyekuwa anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake juu ya boneti. Nilimpikia mwanasheria kutoka Nairobi aliyekuwa analala kwenye kiti cha gari na tai yake imekunjwa vizuri ndani ya kiatu. Waheshimiwa walipita pia, ila hao hawakukaa foleni, kwa hiyo sikuwapikia. Kama shida ni elimu, foleni ile ilikuwa na elimu ya kutosha kufungua chuo.

Na nilimpikia muuguzi, mtu wa cheo, aliyemleta mama yake. Nilimuuliza waziwazi: wewe unazijua dawa, huku umefuata nini? Akanijibu, "Dada, mimi najua hospitali inaweza nini na haiwezi nini. Ndiyo maana nimekuja." Mama yake alikuwa na saratani iliyokwishasambaa, na walishaambiwa wamrudishe nyumbani. Mwandishi wenu anionyeshe ujinga uko wapi katika jibu hilo. Yule alikuwa amefika mwisho wa anachokijua, na mama bado anapumua.

Lakini nililoliona kwa macho yangu, na ambalo sijalisoma kwenye gazeti lolote, ni la sukari. Watu wa kisukari wakifika kwangu kabla ya kunywa kikombe walikuwa wananivuta pembeni: mama, chai ya rangi, sukari usitie. Wakishatoka kwa Babu, gari linageuza, linapita tena kwangu. Mwalimu mkuu mmoja wa Babati, mtu wa makamo, mpole, kaunda suti yake imegeuka rangi ya vumbi, alikaa kwenye benchi akasema niletee chai ya maziwa. Nikamletea, na kopo la sukari juu yake. Akatia kijiko cha kwanza, akakoroga polepole, akakitazama kikombe. Akatia cha pili. Cha tatu alikijaza mpaka kikamwagika kwenye kisahani. Alikuwa hajaonja chai tamu kwa miaka. Alikunywa amefumba macho. Wenzake wa kwenye gari walipiga makofi, mmoja akaanzisha pambio, na mimi nikaimba nao, maana pale asiyeimba ni nani? Hela zilikuwa zimemwishia njiani, nikamwandika kwenye daftari.

Tangu pale, nikitaka kujua mtu anaamini nini simsikilizi akishuhudia, namtazama mkono unafanya nini na kijiko. Wapo walioshuhudia mpaka machozi yakawatoka, halafu wakaja kwangu wakanong'ona: bila sukari. Mdomo ulikuwa umeshapona, mkono bado unafikiri. Siwacheki. Huenda mkono huo ndio uliowaokoa.

Mwandishi wenu anaigawa dunia pande mbili, wanaoamini na wanaojua, naye amejiweka kwa wanaojua. Mimi sijawahi kukiona kirusi cha Ukimwi. Yeye pia, nathubutu kusema, hajakiona. Tunajua kipo kwa sababu tunawaamini waliokiona kwenye hadubini. Sasa hao tunawaamini kwa nini? Hapo nilikwama muda mrefu. Ni kwa kuwa wamesoma? Babu naye alisomea uchungaji. Ni kwa kuwa ni waaminifu? Nimewahi kuuziwa vidonge vilivyokwisha muda na mtu aliyevaa koti jeupe. Nilichokuja kukiona ni kwamba hospitali, pamoja na ubovu wake wote, inaandika waliokufa. Mgonjwa akiingia wodini anaandikwa, akitoka anaandikwa, akifa anaandikwa saa ngapi na kwa ugonjwa gani. Dawa za Ukimwi tunajua zinafanya kazi kwa sababu kuna watu walikaa chini wakahesabu waliomeza wakaishi na waliomeza wakafa. Samunge walihesabiwa wanaoingia, magari yakapangwa, utaratibu ukawekwa. Upande wa kurudi hakukaa mtu.

Wataalamu walikuja, niseme haki, wakaichukua dawa wakaipima, ikasemwa kwamba kwa kiasi kile haina madhara. Habari hiyo ilipofika kwenye foleni ilikuwa imeshakuwa "Serikali imesema inaponya". Nilikuwa naisikia ikibadilika hapohapo mezani kwangu, kutoka mtu hadi mtu, sahani ya wali haijaisha, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anadanganya. Kila mtu alikuwa anasema alichosikia, pamoja na alichokuwa anakiomba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na makala yenu. Waongo sikuwaona wengi. Aliyejisikia nafuu alisema, tena kwa nguvu, mpaka kwenye basi la kurudi. Na nafuu haikuwa ngumu kupatikana: pumu huja na kuondoka, mtu wa presha alikuwa amekaa siku kadhaa mbali na kelele za nyumbani, mwenye kisukari alikuwa hajala cha maana tangu Makuyuni. Aliyefika kwao akapima akakuta mambo yako palepale, huyo alinyamaza. Alikuwa ameambiwa kwamba dawa inafanya kazi kwa imani, kwa hiyo isipofanya kazi kasoro ni yake. Nani atasimama kanisani Jumapili atangaze kwamba imani yake ilikuwa ndogo? Na aliyekufa hasemi. Yakabaki hewani maneno ya waliopona peke yao, moja moja ni ya kweli, na ukiyajumlisha yanatoa uongo. Tumeumbwa hivyo binadamu, wasomi na wasiosoma: tuko radhi kujilaumu wenyewe kuliko kulilaumu tumaini letu.

Mimi niliwafuatilia, Mhariri, ila sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta madeni. Walioishiwa nauli niliwaandika jina na namba ya simu, wanitumie kwa M-Pesa wakifika. Biashara ilipopoa nikarudi Mto wa Mbu, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Na ukimpigia mtu kumdai chai huwezi kuacha kumuuliza hali yake.

Wengi hawakupatikana. Mama mmoja wa Narok alicheka sana kunisikia, akasema ni mzima wa afya. Nikamuuliza kama amepima. Akasema apime nini tena na ameshapona. Na kabla ya kwenda vilevile hakuwahi kupima, alijua tu anayo sukari kwa kuwa dada yake anayo. Kondakta mmoja aliniambia pumu yake imekwisha kabisa. Baadaye nikakutana naye stendi ya Makuyuni, kile kidude cha kupuliza mdomoni kimechomoza kwenye mfuko wa shati. Hakukitaja, nami sikukitaja, tukaongea habari za mvua. Yule muuguzi alikuwa ameshamzika mama yake. Alinishukuru kwa supu, akasema angekwenda tena hata leo, kwa sababu zile siku za foleni ndizo za mwisho mama yake alizoongea naye mpaka usiku wa manane, habari za ujana wake ambazo nyumbani hakuwahi kuzisema. Hiyo nayo ni faida ya safari, na hakuna maabara itakayoipima.

Kwa mwalimu mkuu simu alipokea mke wake. Akasema mwalimu alifariki mwezi wa tano. Nikampa pole, nikawa nataka kukata. Akaniwahi: "Lakini alikufa amepona, mama. Sukari alikuwa ameshapona." Jioni yake akanitumia deni lote, na ya kutolea juu.

Jibu la yule mama nimelala nalo na kuamka nalo. Mwandishi wenu angeliita ujinga na kuendelea na aya inayofuata. Mimi naona alikuwa na vitu viwili mkononi, kifo cha mume wake na furaha ya mume wake, na hakukubali cha kwanza kimnyang'anye cha pili. Kwamba amekufa alijua. Ni yeye aliyemzika. Ukweli gani ningemwonyesha ambao hakuwa nao? Hata hivyo, vidonge viliachwa. Mtu alikunywa Machi, akafa Mei, na Juni magari yalikuwa bado yanapanda Sale, yana watu wa sukari ndani ambao hawakuwa na namna ya kujua yaliyompata. Hilo ndilo linaloniuma, wala sina hasira na waliokwenda.

Nitaambiwa kuhesabu ni kukosa imani. Nimeimba kwaya tangu msichana, hayo nimeyasikia sana. Wanaosema hivyo wasome Luka 17. Wakoma kumi walimwita Yesu kwa mbali. Hakuwaambia waende wakashuhudie sokoni, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi. Walawi 13 yote ni maelekezo ya ukaguzi: mtazame doa, mfungie siku saba, mtazame tena, angalia nywele za pale zimegeuka kuwa nyeupe au hazijageuka. Kipimo kwanza, ndipo mtu arudi nyumbani kwake. Na aliporudi mmoja tu kushukuru, Yesu aliuliza wale tisa wako wapi. Najua wahubiri hulifanya swali hilo kuwa la shukrani, na ni la shukrani kweli. Lakini huwezi kuliuliza kama hukuhesabu. Alijua walikuwa kumi.

Kuhusu Babu mwenyewe, sikumwona kuwa tapeli na sitamwita hivyo. Kwa umati ule angeweza kudai Sh5,000 na wangelipa, wengine wangeuza ng'ombe. Alibaki na Sh500 yake, akabaki na Samunge, mpaka alipofariki Julai 2021. Naamini alisema alichokiamini. Ila mtu mkweli kabisa anaweza kukuambia jambo lisilo kweli, na tapeli anaweza kukuambia kweli tupu huku anakuchomolea pochi. Pale tulimkagua mzee, tukamwona safi, tukadhani tumeshaikagua na dawa. Waliokuja nyuma yake na vikombe vyao, Mbeya, Tabora na kwingineko, hawakukaguliwa hata wao.

Na yamekuja mengine tangu hapo. Februari 1, 2020 watu 20 walikufa kwenye viwanja vya Majengo, Moshi, wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 jirani zetu wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Haya siyatii kapu moja na Samunge. Babu hakumfungia mtu chakula, na mafuta ya Moshi yaliua kwa msongamano. Nataja kwa sababu kote huko walioingia walionekana kwanza, na waliokosekana wakahesabiwa baada ya kufa. Shakahola hesabu ilianza kwa majembe.

Sasa ninyi. Mwaka 2011 magazeti, lenu likiwamo, yalikuwa na Loliondo ukurasa wa mbele karibu kila siku. Waandishi wenu nawakumbuka, walikula kwangu, na kuna waliokunywa kikombe kwanza ndipo wakatoa kalamu. Mliandika aliyepona, na mtaa anakotoka, na picha amenyanyua mikono. Mlirudi kwake lini? Makala ya Jumapili iliyopita inatucheka sisi tuliokuwa kwenye vumbi, lakini sehemu ya foleni ile ilipangwa na kurasa zenu, na watu walikuwa wanakuja kwangu na gazeti limekunjwa kwapani, wananionyesha: soma mwenyewe, imeandikwa.

Ombi langu ni kwamba mwandishi huyu, badala ya safu nyingine, apewe nauli. Awatafute watu waliokunywa, kliniki za kisukari za Arusha, Manyara na Mara hazikosi wazee wenye kadi za tangu wakati ule. Asiwaulize kama waliamini. Awaulize walikuwa na nini, walipima lini, vidonge walifanyaje, na sasa wakoje. Aandike wote, na waliojisikia vizuri mpaka leo awaandike bila kuwakata maneno. Neno ujinga aliache ofisini kwake, kwa sababu mtu akishaitwa mjinga atakuambia amepona hata kama anakufa mbele yako.

Akija, aje kiangazi. Masika njia ya Ngaresero inakatwa na mito. Aulize stendi ya Mto wa Mbu, kibanda changu kinajulikana. Daftari ninalo, limeingia mafuta ya maandazi kwenye pembe lakini linasomeka. Namba za simu sitampa mpaka nimpigie kila mwenye namba nimuulize kama anataka kuulizwa. Na mke wa mwalimu sitampigia kwa kazi hiyo. Huyo alishalipa.

Mama lishe,
Mto wa Mbu, Monduli, Arusha